Wembe wa Babu Una Umri Gani?

Huenda sandukuni mwenu umo wembe wa zamani wa kukunja, wenye mpini wa pembe. Wazee husema, "Huu ni wa wakati wa Mjerumani." Inawezekana. Lakini sasa wewe unajua kusoma. Usome wembe wenyewe.

Ufungue taratibu. Tazama kipande chembamba cha chuma kilicho kati ya makali na mpini. Hapo ndipo kiwanda kilipogonga alama. Kama kutu imeficha maandishi, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kisha paka unga mweupe. Unga utaingia ndani ya herufi nazo zitaonekana. Usisugue kwa msasa! Msasa huondoa kutu, na herufi huondoka nayo.

Ukikuta neno SOLINGEN, wembe huo ulitoka Ujerumani. Solingen ni mji wa watengeneza visu. SHEFFIELD ni mji wa Uingereza wenye kazi hiyo hiyo. Pengine utaona taji na herufi V na R. Hiyo ni alama ya Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901.

Je, jina la nchi limeandikwa? Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria iliyofanya bidhaa nyingi za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo wembe wenye neno GERMANY kwa kawaida ni wa baada ya mwaka huo. Na WEST GERMANY? Nchi hiyo ilianza mwaka 1949. Wajerumani waliondolewa Moshi mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Basi wembe huo si wa wakati wao, hata mwenye nao akikasirika.

Alama moja huwapotosha wengi. Ni picha ya mapacha wawili, alama ya kiwanda cha Henckels cha Solingen. Iliandikishwa mwaka 1731. Mtu akisikia hivyo hudhani wembe wake ni wa 1731. Sivyo. Huo ni mwaka wa alama, na alama inatumika hata leo. Chama cha KNCU kilianza mwaka 1933, lakini gunia la kahawa lenye jina lake laweza kuwa la juzi.

Wembe usiokunjwa, usio na herufi yoyote, huenda ulifuliwa na mhunzi wa huku huku Uchaggani. Huo hausomwi. Waulize wazee.

Usimnyoe mtu kwa wembe huo. Wembe mmoja ukitumiwa na watu wengi waweza kuwaambukiza UKIMWI na homa ya ini.

Na mnunuzi akija na bei yake, usimpe siku hiyo hiyo. Kwanza andika herufi zote katika daftari lako, kama zilivyo, hata kama huielewi lugha yake. Kisha muulize bibi: nani aliununua, na katika duka gani?