Fahamu: Alvin Curling, kutoka Kingston hadi kiti cha Spika na ubalozi

Mzaliwa wa Jamaica, Alvin Curling alihamia Kanada katika miaka ya 1960. Mwaka 1985 wakazi wa Scarborough, Toronto, walimchagua kuingia bunge la jimbo la Ontario kupitia chama cha Liberal. Mwaka huohuo akawa waziri wa nyumba, Mweusi wa kwanza katika baraza la mawaziri la Ontario.

Jina lake lilivuma Desemba 1995. Serikali ya waziri mkuu wa Ontario, Mike Harris, ilikuwa inaharakisha Muswada namba 26, mnene na wenye kugusa sheria chungu nzima. Zamu yake ya kupiga kura ilipofika, Curling aligoma. Spika akaamuru atolewe; yeye hakubanduka kitini, na wabunge wenzake wa upinzani wakamzunguka ili mpambe wa bunge asimfikie. Wakakesha hivyo. Kwangu mimi, usiku huo unamweleza kuliko vyeo vyake vyote.

Mwaka 2003 akachaguliwa Spika, Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo Ontario. Agosti 2005 alikiacha kiti hicho kwenda kuwa balozi wa Kanada katika Jamhuri ya Dominika. Hakukaa sana: serikali ya kitaifa ya Liberal iliyomteua ilishindwa katika uchaguzi wa Januari 2006. Mwaka 2008, yeye na Roy McMurtry, jaji mkuu mstaafu wa Ontario, walikabidhi ripoti kuhusu vyanzo vya ukatili miongoni mwa vijana wa Ontario, ikitaja umaskini na ubaguzi wa rangi waziwazi.