Nguzo za Mawe za Kalokol na Lothagam: Kazi ya Kutunza Makaburi ya Kale Turkana
Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, huona kando ya njia mawe meusi yaliyosimikwa ardhini, mengine wima, mengine yameinama upande. Idadi yake ni 19. Wenyeji hupaita mahali hapo Namoratunga, maana yake watu wa mawe. Husimuliwa kwamba zamani palikuwa na watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakafanya dhihaka isiyofaa, nao wakageuzwa mawe palepale walipokuwa. Mturkana apitaye huweka kijiwe juu ya nguzo, kisha huendelea na safari yake.

Desturi hiyo si ya kupuuzwa. Katika nchi isiyo na miti mingi wala kuta, ambapo jiwe zuri lingeweza kuchukuliwa kwa kazi nyingine, heshima ya wapita njia imekuwa mlinzi bora kuliko ua wa seng'enge.

Wataalamu nao wamezitazama nguzo hizo kwa macho mbalimbali. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliandika kwamba zilipangwa kwa kufuata nyota, na kwamba umri wake ni kama miaka 2,300. Habari hiyo ilienea upesi, maana watu hupenda mambo ya nyota. Lakini waliopima tena walionyesha kwamba mawe yenyewe yana nguvu ya sumaku, nayo huivuta sindano ya dira. Basi vipimo vya kwanza haviwezi kutegemewa. Siku hizi inajulikana kwamba nguzo za namna hii ni za kale zaidi, yapata miaka 5,000.

Ushahidi mkubwa umetoka Lothagam, pia upande wa magharibi wa ziwa. Wachimbaji wakiongozwa na Bibi Elisabeth Hildebrand walifanya kazi huko kwa misimu kadhaa, na mwaka 2018 matokeo yakatangazwa. Chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa meta 30 hivi lilikutwa kaburi la watu wengi, wakikadiriwa kuwa 580 au zaidi: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi au za maganda ya mayai ya mbuni. Mmoja alikuwa na pambo la kichwa lililofanyizwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani. Haikuonekana alama ya mtukufu aliyetengwa na mnyonge. Watu hao walikuwa wafugaji wa kwanza wa nchi hiyo, nao waliishi wakati mvua zilipokuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Kaburi lilipojaa walilifunika kwa mawe, wakasimika nguzo zilizotolewa mbali, nyingine kiasi cha kilometa moja.

Yafaa ijulikane pia jinsi kazi hiyo inavyofanywa, kwa kuwa kuchimba na kuhifadhi si mambo mawili. Lothagam ilichimbwa sehemu ndogo tu. Ukubwa wa kaburi ulikadiriwa kwa mitambo inayopima yaliyomo chini bila kufukua. Mifupa iliyofukuliwa haiwezi kuzikwa upya kama ilivyokuwa. Afadhali sehemu kubwa ibaki ardhini ikiwangoja wataalamu wa kesho. Udongo uliotolewa huchekechwa kwa uangalifu, maana ushanga mmoja ni mdogo sana. Kwa sheria ya mwaka 2006 hapana mtu awezaye kuchimba pasipo kibali, na aonaye kitu cha kale yampasa kutoa habari.

Karibu na mto Turkwel, si mbali na Lodwar, ipo Taasisi ya Bonde la Turkana, iliyoanzishwa na marehemu Richard Leakey. Zamani karibu kila kitu kilichookotwa kilipelekwa Nairobi. Sasa vingi vyaweza kutunzwa katika nchi vilikotoka, na vijana wa kienyeji hupata kazi na ujuzi. Mjini Lodwar kwenyewe limekuwa likifanyika tamasha la Tobong'u Lore, maana yake karibuni tena nyumbani, ambapo wageni huelezwa mila na historia ya nchi. Habari za mvulana wa Nariokotome, ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, zimefika dunia nzima. Nguzo za Kalokol hazijapata sifa hiyo, ingawa ni kazi ya mikono ya wafugaji, na Waturkana wa leo ni wafugaji vilevile.

Kakuma iko kilometa 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilianza huko mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Wamo watoto kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko, na katika shule nyingine huketi pamoja na watoto wa wenyeji. Mwalimu wa historia huko ana somo lililo tayari: wafugaji waliohamahama kwa ajili ya ukame, wakashirikiana kujenga kaburi moja kwa watu wa kila rika. Kumpeleka mtoto Kalokol ni safari ndefu, kupitia Lodwar, na gari ni ghali. Hata hivyo gharama ya lori moja la wanafunzi ni ndogo kuliko ya ukuta, na atakayezilinda nguzo hizo miaka 30 ijayo yumo darasani sasa.