Kabale hadi Musanze: Milima ni ileile, kona ina sheria mbili

Anayeendesha pikipiki kutoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenda Musanze, kaskazini mwa Rwanda, hapati nafasi ya kuzubaa. Barabara inapanda na kujipinda milimani hadi Kanaba, kisha inateremka Kisoro, chini ya volkano ya Muhabura yenye urefu wa mita 4,127. Kutoka Kisoro ni mwendo mfupi tu hadi mpaka wa Cyanika, na ng’ambo ya mpaka ni Rwanda.

Kupanda si kazi kubwa. Kuteremka ndiko kunakompima dereva. Aliyezoea milima hupunguza mwendo kabla ya kuingia kona, pikipiki ikiwa bado wima, kwa sababu tairi likishalala haliwezi kubeba kona na breki kali kwa wakati mmoja. Huingiza gia ndogo mapema, akaiacha injini imzuie. Anayezima injini ili abane mafuta hubaki anategemea breki peke yake, nazo zikipata moto sana hulegea.

Macho nayo yana kazi yake, kwani pikipiki hufuata yanakotazama. Ukikodolea korongo kwa hofu, utaelekea korongoni. Tazama mwisho wa kona, mahali unapotaka kutokea.

Mwendo hauna huruma. Ukitoka kilomita 30 kwa saa ukafika 60, umbali wa kusimama baada ya kushika breki haungezeki mara mbili, bali mara nne. Kama huoni kilicho nyuma ya kona, nenda mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya kipande unachokiona.

Hayo ni ya milima yote, lakini njia hii ina jambo la ziada. Uganda, iliyotawaliwa na Waingereza, huendesha kushoto. Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, huendesha kulia. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu 2014 Wanyarwanda, Waganda na Wakenya huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Mengi yameunganishwa, ila upande wa barabara bado.

Kwenye barabara iliyonyooka tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye kona inageuza kila kitu. Upande wa Uganda, kona ya kulia ndiyo yenye mtego: dereva akijilaza sana, magurudumu hubaki upande wake, lakini kichwa chake kinakuwa kimevuka mstari wa katikati, mbele ya lori linalopanda. Upande wa Rwanda, mtego huohuo huhamia kona ya kushoto. Vivyo hivyo kwa anayeingia kona kwa kasi akashindwa kuikata: Uganda, kona ya kushoto humtupa upande wa wanaokuja, Rwanda, humtupa huko kona ya kulia. Mazoea yaliyomlinda asubuhi yanaweza kumponza mchana.

Hatari kubwa haiko pale mpakani, ambako kila mtu yuko macho. Huja baadaye: umesimama kunywa chai au kujaza mafuta, unarudi kwenye barabara tupu, na mwili unachagua upande uliouzoea. Huja pia ghafla, mbuzi anapokatiza au gari linapotokea, kwa kuwa mtu akishtuka hukimbilia upande wa nyumbani kwao.

Kanuni ya kukariri ni fupi. Uganda, mstari wa katikati uwe mkono wako wa kulia. Rwanda, uwe mkono wako wa kushoto. Jikumbushe kila unapowasha pikipiki. Ukivuka jioni umechoka, au ukungu umeshuka, lala Kisoro uvuke asubuhi. Mpaka utaukuta palepale.