Utangulizi: Gesi Isiyopaswa Kutoka

Kijana wa Runyenjes, unaingia katika fani ya umeme mkubwa. Umekulia jirani na chimbuko lake. Maji ya Mto Tana huzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kutoka Kamburu laini ya kilovolti 132 hupanda hadi Meru. Njiani stima hupitia swichi kubwa zenye kazi kuu moja: kukata mkondo hitilafu inapotokea, kabla hujapepesa jicho.

Shaba mbili zinapoachana ndani ya swichi hiyo, mkondo haukatiki papo hapo. Huruka pengo kwa cheche yenye joto la maelfu ya nyuzi. Kinachoizima ni gesi ya salfa heksafloridi, ambayo mafundi huiita SF6, iliyotengenezwa mara ya kwanza na wanakemia Moissan na Lebeau wa Ufaransa. Molekuli zake hunasa elektroni zinazobeba cheche, kwa hiyo huhami umeme zaidi ya mara mbili kuliko hewa. Ikiwa safi, haina rangi, harufu wala sumu.

Lakini kilo moja tu ikitoroka, hupasha dunia joto kwa miaka 100 sawa na kilo 24,300 za hewa ukaa; yaani kama kuchoma lita 9,000 hivi za dizeli. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya, ambao barafu yake wazee wetu wameishuhudia ikipungua, hatuwezi kulichukulia jambo hili kuwa la watu wa mbali. Tangu Itifaki ya Kyoto ya 1997, SF6 imo miongoni mwa gesi zinazotakiwa kudhibitiwa.

Fundi naye ana hatari zake. Gesi hii ni nzito mara tano kuliko hewa, hivyo hutuama kwenye mitaro ya nyaya na mashimo, ikaisukuma oksijeni nje. Mtu huzirai bila kunusa chochote. Pima oksijeni kabla ya kushuka, kila mara. Tena, gesi iliyopigwa na cheche si ile iliyotiwa. Hugawanyika na kuacha misombo yenye sumu, na penye unyevu huzaa asidi inayokula ngozi na mapafu. Ukifungua swichi iliyoungua ukakuta unga wa kijivu au mweupe, usiupulize wala kuufagia kwa ufagio mkavu. Vaa glavu, barakoa yenye kichujio na ovaroli ya kutupwa. Usile wala kuvuta sigara hapo.

Kuna kosa jingine, la kimyakimya. Asubuhi ya baridi ya Julai, kipimo cha shinikizo hushuka ingawa hakuna kilichovuja. Fundi asiyerekebisha hesabu kwa halijoto huongeza gesi isiyohitajika. Mchana wa jua, kipimo hupanda, naye huifungulia hewani. Gesi haifunguliwi hewani kwa sababu yoyote. Huvutwa kwa mashine, ikachujwa, ikarudishwa kwenye mtungi.

Kwa hiyo chombo cha kwanza utakachojifunza kutumia ni mizani. Mtungi hupimwa kabla ya kazi na baada yake, na kilo zinazopungua huandikwa pamoja na swichi zilimoingia. Hesabu isipolingana, uvujaji utafutwe kabla gari halijaondoka kituoni. Sura ya kwanza inaanzia hapo.