Idara ya Fizikia Mlimani: Swali la barafu lililoipa jina duniani

WANAFIZIKIA wa Canada, Uingereza na Austria wanapojadili namna vitu vinavyopoa, hulitaja jina moja la Mtanzania. Jina hilo ni Mpemba, na limo katika majarida makubwa ya sayansi duniani kwa zaidi ya nusu karne sasa.

Lisilofahamika kwa wengi ni kwamba jina hilo pengine lisingevuka hata mipaka ya Tanga iwapo Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyokuwa changa mno wakati huo, isingekubali kulipima swali la mwanafunzi wa sekondari ambalo wengine walikuwa wamelicheka.

Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa na kitivo kimoja tu cha Sheria, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi.

Katika mgawanyo wa wakati huo, Makerere ilishika udaktari, Nairobi uhandisi na Dar es Salaam sheria. Kijana wa Kitanganyika aliyetaka shahada ya sayansi alilazimika kufunga safari kwenda Uganda au Kenya, ama kupanda meli au ndege kwenda Ulaya.

Mwaka 1964 chuo kilihamia katika kilima kilichoitwa Observation Hill, ambacho leo kila mkazi wa jiji anakiita Mlimani. Mwaka uliofuata Kitivo cha Sayansi kikafunguliwa, Fizikia ikiwa miongoni mwa masomo yake ya msingi. Wahadhiri wengi walikuwa wageni, na mmoja wao alikuwa Mwingereza Denis Osborne, profesa wa fizikia aliyepata kufundisha Afrika Magharibi kabla ya kuja Dar es Salaam.

Ni Osborne huyo aliyealikwa kuzungumza na wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, takriban kilomita 500 kutoka Dar es Salaam. Baada ya mazungumzo, kijana mmoja alisimama kuuliza. Aliitwa Erasto Mpemba.

Swali lake lilikuwa hivi: ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi kilekile, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka pamoja ndani ya friza, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini?

Wanafunzi wenzake waliangua kicheko. Si mara ya kwanza kwa Mpemba kuchekwa kwa jambo hilo. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ndogo. Alipoona mwenzake anawahi kuweka maziwa yasiyochemshwa, naye akaamua kuyatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu, ya kwake yalikuwa yameganda na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Alipozidi kushikilia hoja katika shule aliyoendelea nayo, akajibiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaigeuza kauli hiyo kuwa utani wa darasani. Wakati huo huo, rafiki yake aliyeuza aiskrimu Tanga mjini alimweleza kuwa yeye huanza na mchanganyiko wa moto kwa sababu huganda upesi. Wauza aiskrimu, kwa maneno mengine, walikuwa wanalijua jambo ambalo darasani lilikuwa mzaha.

Osborne naye hakuamini. Hata hivyo aliahidi kulipima, na aliporudi Mlimani alimkabidhi kazi hiyo fundi mmoja kijana wa maabara. Fundi alileta taarifa kuwa maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kuwa wangeendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Kauli hiyo imechekesha wengi tangu Osborne alipoisimulia. Lakini inaonyesha pia jinsi hata maabara inavyoweza kulikataa jibu kwa sababu tu haikulitarajia.

Majaribio yaliyofuata yalikuwa ya kawaida kabisa, ya aina ambayo idara isiyo na mitambo ya gharama iliweza kuyamudu. Bika za kioo za sentimita za ujazo 100 zilitiwa maji ya sentimita za ujazo 70, zikakalishwa juu ya kipande cha povu gumu ili joto lisipotee kupitia chini, kisha zikaingizwa katika sehemu ya barafu ya jokofu la nyumbani. Maji yote yalikuwa yamechemshwa muda si mrefu kabla, ili kuondoa hoja kwamba hewa iliyoyeyuka ndani yake ndiyo inayoleta tofauti.

Matokeo yalionyesha kuwa maji yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda ni yale yaliyoanza na joto la nyuzi 25 hivi, na yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliyatangulia kwa mbali. Walipomimina tabaka jembamba la mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa, dalili kwamba sehemu kubwa ya joto ilitokea juu. Maji yaliyopotea kwa kugeuka mvuke yalikuwa machache mno kuweza kueleza tofauti yote.

Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba maji ya moto huzunguka ndani ya chombo, yale ya moto yakipanda juu na yaliyopoa yakishuka. Kwa hiyo uso wa maji hubaki na joto kubwa kuliko kiwango cha wastani, na huendelea kulitoa kwa kasi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Kijana huyo wakati huo alikuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, mkoani Kilimanjaro, na maisha yake ya kazi aliyatumia katika sekta ya wanyamapori, si katika fizikia. Kwamba mtu aliyelipa somo hilo jina lake hakupata kulisomea shahada ni jambo la kufikirisha kidogo.

Ubishi haujaisha. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilitangaza zawadi ya Pauni 1,000 kwa maelezo bora zaidi ya jambo hilo, ikapokea majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walieleza kuwa hawakuona uthibitisho wa maana katika maji, na kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo ya uongo. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Canada walionyesha, katika jarida la Nature, kuwa athari hiyo hutokea kwa punje ndogo mno iliyoelea ndani ya maji, mahali ambapo kila kitu kingeweza kudhibitiwa.

Makala ya 1969 ilipotoka, chuo kilikuwa karibu na mabadiliko makubwa. Julai 1, 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Dar es Salaam ikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Uhandisi ulianza mwaka 1973, nao ulihitaji fizikia kama msingi. Wahitimu wengi wa sayansi walipelekwa moja kwa moja kufundisha sekondari, kwani nchi haikuwa na walimu.

Idara ikajikuta na mabwana wawili: mahitaji ya walimu na wahandisi kwa upande mmoja, utafiti kwa upande mwingine. Hali mbaya ya uchumi ya miaka ya 1980, ambapo vitabu, vipuri na fedha za kigeni viliadimika, ilimfanya wa pili aumie zaidi.

Msaada ulitoka Sweden. Chuo Kikuu cha Uppsala kilikuwa na programu iliyoanza mwaka 1961 kwa ajili ya kuwajengea uwezo wanafizikia wa nchi zinazoendelea. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mhadhiri kijana hakwenda Ulaya kwa miaka mitano mfululizo, bali alikwenda kwa miezi kadhaa kutumia vifaa, akarudi kufundisha nyumbani, kisha akaenda tena. Kwa namna hiyo walimu waliosomea shahada ya uzamivu hawakupotelea huko moja kwa moja, na vifaa vya kutengenezea tando nyembamba za metali na oksidi vikaletwa Mlimani.

Mada iliyochaguliwa ilikuwa nishati ya jua. Kitu cheusi hunyonya mwanga vizuri, lakini kikipata joto hulitoa upesi vilevile. Watafiti walitafuta utando unaonyonya mwanga wa jua bila kulirudisha joto, jambo ambalo huongeza ufanisi wa mitambo ya kuchemshia maji inayowekwa juu ya paa.

Baadaye waligeukia vioo vya madirisha. Oksidi ya vanadi hupitisha miali ya joto inapokuwa baridi, na huizuia ikifika nyuzi 68 hivi. Nyuzi 68 ni nyingi mno kwa dirisha la nyumba. Mwaka 2009 mtafiti kutoka Mlimani, akishirikiana na wenzake wa Uppsala, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kuongeza magnesi kunashusha kiwango hicho na kuufanya utando upitishe mwanga zaidi. Kwa jiji ambalo majengo ya vioo yameota katikati yake huku viyoyozi vikiunguruma mchana kutwa, huo si utafiti wa anasa.

Upanuzi mkubwa zaidi, hata hivyo, ulitokana na walimu. Serikali ilipoanza kujenga shule za sekondari za kata kwa wingi katika miaka ya 2000, upungufu wa walimu wa sayansi ulidhihirika kila wilaya. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata vyuo vishiriki viwili vya elimu: kimoja Chang'ombe, Dar es Salaam, na kingine Iringa, katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa. Mahali ambapo Mpemba alichekwa, leo wanafundishwa walimu wa fizikia.

Mahitaji yamepanuka pia nje ya madarasa. Hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi, ikiwamo Taasisi ya Ocean Road, haziwezi kufanya kazi bila wanafizikia wa kupima dozi anayopewa mgonjwa. Tume ya Nguvu za Atomiki nayo inategemea taaluma hiyo hiyo.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kwa Tanzania, kwa ajili ya mradi wa mageuzi ya elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanufaika, na fedha hizo zimelenga majengo, maabara na kuwasomesha wahadhiri. Mashine mpya zitahitaji vipuri, na zitahitaji mafundi wa maabara wa kuziendesha, kundi ambalo mara nyingi husahaulika katika bajeti za vyuo. Jaribio la jokofu la miaka ya 1960 lilifanywa na mmoja wao.