Wakazi wa ndani ya jani: ni mti au ni mahali panapowachagua?

Popote ulipo, iwe ni chini ya minazi ya Salalah au katika bustani ya mji wa London, chuma jani moja la mti. Lioshe kwa maji, kisha lizamishe kwa dakika chache katika spiriti na dawa ya kuua vijidudu, hata usibaki uhai wowote juu ya ngozi yake. Wengi wetu tungedhani kwamba sasa tumebakiwa na jani tupu. Sivyo. Wataalamu wanapolisaga jani lililosafishwa namna hiyo, hukuta ndani yake bakteria ambao walikuwa wakiishi katika nafasi zilizo baina ya chembe za jani, bila ya kuuletea mti ugonjwa wowote.

Bakteria hao huingia kwa njia mbalimbali. Wengine hupanda kutoka mizizini pamoja na maji. Wengine hupenya katika matundu madogo ambayo jani hupumulia, au katika jeraha lililoachwa na mdudu. Kuwachunguza si kazi nyepesi. Walio wengi hawakubali kukuzwa katika maabara, na kwa hiyo watafiti huwatambua kwa kusoma DNA yao. Hapo tena hutokea kikwazo cha ajabu. Kloroplasti, zile sehemu za kijani ambazo hutengeneza chakula cha mti kwa nuru ya jua, asili yake ni bakteria waliomezwa na chembe nyingine katika zama za kale mno, na DNA yake bado inafanana na ya bakteria. Mtafiti asipojihadhari huhesabu jani lenyewe akidhani anahesabu wageni wake.

Swali linalowashughulisha wataalamu ni hili: nani huwachagua wakazi hao? Ni mti wenyewe, kwa kufuata aina yake, au ni mahali ulipoota, yaani udongo, baridi, mvua na jua?

Tuelekee Niwot Ridge, katika Milima ya Rocky, jimbo la Colorado nchini Marekani, zaidi ya mita 3000 juu ya usawa wa bahari. Udongo wa huko ni haba, upepo ni mkali, na theluji hukaa kwa miezi mingi. Hata hivyo msonobari uitwao kisayansi Pinus flexilis huota humo, na huweza kuishi zaidi ya miaka 1000. Mwaka 2014 Alyssa Carrell na Carolin Frank, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Merced, walieleza walichokikuta ndani ya majani yake membamba kama sindano. Jamii moja ya bakteria iliwazidi wengine wote kwa wingi, nayo ni ya ukoo wa wale wanaogeuza tembo la mnazi kuwa siki. Tena, mti wa aina nyingine unaoota hapo hapo, Picea engelmannii, ulikuwa na wageni wa ukoo huo huo. Mwaka 2016 watafiti hao walitangaza kwamba hali ni hiyo pia katika milima ya Sierra Nevada ya California, mbali sana na Colorado.

Je, wenye siki hao wanafanya nini humo? Dhana ya watafiti ni kwamba wanaulisha mti. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini hakuna mti uwezao kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Ni bakteria fulani tu wenye ufundi wa kuibadilisha ikawa mbolea. Mwaka huo wa 2016 Andrew Moyes na wenzake walichapisha katika jarida la New Phytologist ushahidi kwamba kazi hiyo hufanyika ndani ya majani ya msonobari huo. Jambo hili lina utata wake, kwani kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, na jani mchana kutwa hutoa oksijeni. Aidha, kuonyesha kwamba kazi inafanyika si sawa na kumtambua anayeifanya.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba kila mti wenye majani ya sindano una wageni hao. Mwaka 2015 Carrell na Frank waliichunguza ile miti mirefu ya California, mmojawapo ukiwa Sequoia sempervirens, ambao hupita urefu wa mita 100. Humo hawakukuta jamii moja iliyotawala kiasi kile. Walikuta mchanganyiko, na baadhi yao ni wa koo zinazojulikana kwa kupambana na maradhi na wadudu. Kwa upande wa Pinus flexilis, miche ilioteshewa mlimani katika vimo mbalimbali, mingine ikapashwa joto kwa hita, mingine ikaongezewa maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba umri wa mti, sehemu ya mti na hali ya mazingira, vyote vina sauti katika jambo hili.

Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, unatoka mahali pasipo na uzuri wowote: ardhi ya kiwanda cha magari mjini Genk, Ubelgiji. Maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamechafuliwa kwa kemikali za jamii ya mafuta, ikiwamo toluini. Mwaka 1999 ilipandwa hapo miti ya popla ili iyafyonze maji hayo. Hatari yake ni kwamba toluini huweza kupanda na maji na kutoka hewani kupitia majani. Watafiti waligundua kwamba ndani ya miti hiyo walikuwamo bakteria wenye uwezo wa kuivunja sumu hiyo. Miaka kadhaa baadaye, maji yalipotakata, uwezo huo nao ulififia. Miti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni yaliyokuwamo ardhini.

Wako hata hivyo wakazi wasiotegemea mahali. Katika Afrika Mashariki huota mmea uitwao Psychotria kirkii, jina lililotokana na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja katika karne ya 19. Majani yake yana vinundu vidogo vyeusi, na kila kinundu ni nyumba ya bakteria. Hao hawaingii kutoka nje. Mmea hurithishana nao kupitia machipukizi na mbegu. Huo ni ukoo wa kudumu, wala si mgeni wa msimu.

Kwa nini basi haya yamhusu mtu asiye mtaalamu? Kwa sababu mamilioni ya miche hulelewa vitaluni, ikipewa mbolea na maji kwa wingi, kisha hupelekwa kwenye udongo uliochoka. Wakulima wa kunde na maharage wanaweza kuthibitisha kwamba mbolea ya naitrojeni ikizidi, vinundu vya mizizini hupungua. Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake pia: misonobari ya kigeni ilipoletwa, miche ilidhoofu na kugeuka manjano mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu waishio na mizizi yake.

Katika jimbo la Washington, popla za mwituni huota juu ya kokoto tupu kandokando ya mto Snoqualmie. Sharon Doty na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Washington, wametoa bakteria katika miti hiyo, na mwaka 2016 walionyesha kwamba matawi yake huchukua naitrojeni ya hewani, ingawa kiasi kilitofautiana mno baina ya tawi na tawi. Bakteria hao wamekwisha kutiwa katika mimea mingine, ikiwamo mpunga, nayo ikastawi katika vyungu vya majaribio.