Somo la Redio: Kipofu na Kiziwi

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na redio haikwaruzi. Somo letu la leo limepigwa chapa pia katika karatasi hii mliyo nayo mkononi, ili atakayekosa neno redioni alisome kesho kwa nafasi yake. Wiki hii karatasi ina kazi kubwa kuliko siku zote, na sababu yake nitaieleza mbele.

Katika darasa moja nililolitembelea, wanafunzi walikuwa wakishindana kwa maneno. Mmoja aliuliza, "Kama ungelazimishwa kuchagua, ungechagua upofu au uziwi?" Darasa zima, wazee kwa vijana, walisema heri uziwi. Mama mmoja akaeleza: "Kiziwi anakwenda shamba, anachota maji, anapika, anawaona watoto wake. Kipofu ni wa kushikwa mkono." Hakuna aliyembishia. Mimi pia nilitikisa kichwa kukubali. Leo nataka tulitazame jambo hili tena, maana nadhani tulijibu upesi mno.

Tufanye jaribio kwanza. Fumbeni macho, nyote. Mnanisikia. Mnamsikia anayekohoa, na mnajua ni nani. Pengine mnasikia mbuzi nje, au jirani anayetwanga. Lakini ningewaambia msimame mwende mpaka mlangoni, mngepapasa kama watu wanaotafuta sindano gizani. Haya, fumbueni. Sasa zibeni masikio kwa vidole, kwa nguvu, na mwalimu wenu azungumze na mtu wa mbele. Mkiisha kuziba hamtanisikia mimi, basi mwalimu atawapungia mkono mzibue.

Mmeona? Mlipofumba macho mliingiwa na hofu kidogo. Mlipoziba masikio hamkuogopa kitu, labda mlicheka. Ndiyo maana watu huogopa upofu zaidi. Lakini jaribio hili lina udanganyifu ndani yake. Ninyi mliziba masikio mkiwa na lugha tayari. Mlipokuwa katika ule ukimya mlifikiri kwa maneno, mkajiambia moyoni, "Mwalimu anasema nini?" Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana maneno hayo ya kujiulizia. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Tumtazame kipofu kwanza. Shida zake ni nyingi na si haki kuzipunguza. Njia aliyoizoea ikichimbwa shimo leo, kesho anatumbukia. Sokoni hupewa noti ndogo akaambiwa ni kubwa. Watu humwuliza aliyemshika mkono, "Huyu anakula nini?" kana kwamba hana kinywa chake. Na yule aliyepofuka ukubwani, mwenye shamba na watoto wa kulisha, hupoteza kazi na heshima kwa siku moja.

Lakini mtoto asiyeona, akiwa bado mgongoni mwa mama yake, husikia maneno. Hujifunza kusema kama wenzake. Husikia hadithi za bibi, mafumbo, majina ya mababu na ugomvi wa majirani. Akitaka kujua kitu huuliza, akajibiwa. Wako wasioona walioihifadhi Kurani nzima kwa kusikia. Na wengi wenu mnamjua marehemu Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, ambaye peke yake aliweza kupiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi mlio wa ngoma zake ulitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza.

Hata kusoma kipofu anaweza. Huko Ufaransa mwaka 1809 alizaliwa Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na miaka mitatu alichezea chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, akajichoma jicho, kisha ugonjwa ukaliharibu na la pili. Alipelekwa shule ya wasioona mjini Paris. Alipofika umri wa miaka 15, mwaka 1824, alikuwa ametengeneza maandishi ya nukta zilizoinuka, ambayo sisi twayaita nukta nundu. Nukta ni sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu, na kwa kuzipanga hupatikana alama 63. Msomaji huzipapasa kwa ncha ya kidole. Ninyi mliopata taabu na herufi mwaka huu, fikirini kuzijifunza kwa kidole!

Sasa kiziwi. Lazima kwanza tutenganishe watu wawili. Mzee aliyepoteza masikio kwa umri ana lugha yake yote, lakini polepole hujitenga. Watu wakicheka hudhani wanamcheka yeye. Akiuliza, "Wamesema nini?" huambiwa, "Si kitu, baba." Neno hili "si kitu" laumiza kuliko tusi.

Mtu wa pili ni yule aliyezaliwa kiziwi, au aliyepata uziwi mdogo sana, kwa surua labda, au kwa homa ya uti wa mgongo. Huyu twamwita bubu, na neno hilo si kweli. Koo lake ni zima na ulimi wake ni mzima. Hasemi kwa sababu hajasikia usemi. Wewe unasema Kiswahili kwa kuwa ulikisikia. Ungalizaliwa China ungalisema Kichina. Yeye hakusikia chochote, basi atasema nini?

Tena uziwi hauonekani. Kipofu ana fimbo yake, watu humpisha. Kiziwi huitwa kwa nyuma asigeuke, wakasema ana kiburi. Gari humpigia honi, haondoki. Nyumbani baba hufa, watu wanalia, naye haelezwi kwa nini mwili wa baba unafunikwa shuka na kupelekwa shimoni. Haya nayasema kwa kuwa nimeambiwa na mtu mzima aliyeyaona akiwa mtoto, naye alipata kuelezwa miaka mingi baadaye, alipokwisha kupata lugha.

Wengine watasema, "Si atazame midomo?" Jaribuni sasa hivi. Mtu mmoja asimame mbele na aseme bila sauti: baba. Kisha: mama. Kisha: papa. Midomo yafanana kabisa! Mtu mwenye lugha hubahatisha kwa kufuata maana ya maneno mengine. Mtoto asiye na lugha hana cha kufuata.

Kinachomfaa ni lugha ya alama, lugha ya mikono na uso. Msidhani ni maigizo ya kuonyesha kula na kulala. Ni lugha kamili yenye kanuni zake. Yaweza kusema jana na kesho, kama na labda, uongo na mzaha. Nayo si moja duniani: ya Tanzania si sawa na ya Kenya. Walimu wenyewe waliwahi kuikosea. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia, wakapiga kura kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema tu na alama ziachwe. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Kwa miaka mingi watoto katika shule nyingi walikatazwa kutumia mikono yao. Mwaka 2010 ndipo mkutano kama huo, uliofanyika Vancouver, Kanada, ulipoyakataa maazimio yale na kuonyesha majuto. Mwaka huohuo Katiba mpya ya majirani zetu wa Kenya iliitaja Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha za Bunge lao, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Je, yuko mtu mwenye haki ya kuamua shauri letu? Yuko mmoja aliyeyajua yote mawili. Helen Keller alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1880. Alipokuwa na miezi 19 aliugua, akapoteza macho na masikio pamoja. Alikua kama mtu aliyefungiwa, akipiga na kuuma. Mwaka 1887 alikuja mwalimu, Anne Sullivan, akawa anamwandikia maneno kwa vidole kiganjani. Mtoto aliiga bila kuelewa. Siku moja mwalimu alimpeleka kwenye bomba la maji, akauweka mkono mmoja chini ya maji, na katika mkono wa pili akamwandikia neno maji. Ghafula mtoto akafahamu kwamba vitu vina majina. Siku ileile akataka kujua jina la kila alichogusa. Mwaka 1904 alipata shahada katika Chuo cha Radcliffe. Angalieni: macho hayakurudi wala masikio hayakurudi. Kilichokuja ni lugha. Na mwaka 1910, katika barua aliyomwandikia daktari mmoja wa Scotland, alieleza kwamba kwake yeye uziwi ulikuwa msiba mzito zaidi, kwa kuwa ndio unaomtenga mtu na mazungumzo ya wenzake.

Hiyo ni hukumu yake. Wako vipofu watakaoikataa, hasa wale wanaotamani kwenda mjini peke yao, na wako viziwi wasioona kwamba wana msiba wowote maadamu wako na watu wanaojua alama. Mimi sitaki mtoke hapa mkisema huyu ni heri na yule si heri. Ila nataka mlione kosa la darasa letu, ambalo lilikuwa kosa langu pia.

Mtaniruhusu nilieleze. Nilipokuwa mgeni kazini, katika juma moja walinijia baba wawili. Wa kwanza alikuja na binti asiyeona. Nilimwonea huruma, na siku ileile nikamwandikia barua ya shule. Wa pili alikuja na kijana wa miaka kama minane. Nikauliza, "Jina lake nani?" Baba akajibu, "Tunamwita Bubu, bwana." Nikamwita mtoto, hakugeuka. Nikamwambia baba, "Mtoto huyu ni mzito wa kichwa. Ngoja akue kidogo." Walipoondoka nilitoka nje, nikakuta mnyororo wa baiskeli yangu, uliokuwa umechomoka, umerudishwa mahali pake, na mikono ya kijana imeacha alama za grisi ukutani. Nikacheka, sikufikiri zaidi. Ilipita miaka miwili kabla sijamwandikia barua. Alipoingia shule alikuwa na miaka kumi na hana lugha hata moja. Yule binti alikwisha kusoma vitabu kwa vidole.

Pengine si mimi peke yangu. Hapa nchini shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963. Upofu huonekana upesi, na msaada wake huja upesi.

Basi, mkiwa na mtoto asiyeshtuka mlango ukibamizwa, au aliyefika miaka miwili bila neno, msingoje akue. Mpelekeni hospitali apimwe. Sikio linalotoka usaha litibiwe, wala msimwagie mafuta. Chanjo ya surua hulinda macho na masikio pamoja. Na mzee mwenye mtoto wa jicho msimwite kipofu kabla daktari hajamwona, maana wengi hupasuliwa wakaona tena.

Mkikutana na asiyeona, tajeni jina lenu; msimvute, mpeni kiwiko akishike; mkiondoka mwambieni, asije akazungumza na kiti. Mkikutana na kiziwi, mguseni bega, simameni penye mwanga usoni, msipige kelele. Kama anajua kusoma, mwandikieni.

Na hapo ndipo karatasi hii inapohusika. Kipofu wa kijiji chenu, kama amekaa karibu na redio, amelisikia somo hili lote. Kiziwi hakulipata hata neno moja. Lakini karatasi anaweza kuisoma, kama kuna aliyemfundisha.

Baba wa yule kijana aliingia darasa la kisomo, kama ninyi, akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari miwili. Alinionyesha kabla ya kuipeleka posta: "Mwanangu, mbuzi amezaa wawili. Njoo likizo." Hakuandika Bubu juu ya bahasha; aliandika jina alilompa siku alipozaliwa. Jibu lilikuja na maneno manne, na chini yake mchoro wa mbuzi watatu.

Kazi ya juma hili: kila mmoja aandike barua ya mistari miwili au mitatu kwa mtu asiyesikia, jirani au ndugu, ya kumpa habari ya nyumbani ambayo hakuna aliyemwambia. Kama hajui kusoma, mleteni darasani Jumanne, akae mbele karibu na taa. Mwalimu wenu ameambiwa amwekee nafasi. Kwaherini.